Maswali ya Wasomaji: Nimeweka zram, mbona kompyuta bado inaganda?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Moshi, jirani na stendi, natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, Core 2 Duo, ramu GB 2, niliwekewa Linux Mint ya Xfce. Nikifungua brauza, LibreOffice na skana kwa pamoja inaganda mpaka mausi haisogei, taa ya hadi diski inawaka mfululizo na wateja wamesimama na vyeti vyao mkononi. Nilisoma kuhusu zram, ile ya kubana data ndani ya ramu, nikapesti amri za modprobe, mkswap na swapon, afu kwa maelekezo mengine nikaongeza zswap.enabled=1 kwenye GRUB, ile programu inayowasha Linux. Hakuna kilichobadilika, na nikirestati zram inapotea mpaka nirudie amri zote. Nikiandika swapon --show napata hivi:

NAME TYPE SIZE USED PRIO
/dev/sda2 partition 2G 1.4G -2
/dev/zram0 partition 1G 0B -3

Mama wa Steshenari, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na asante sana kwa kuweka hayo majibu ya swapon, wengi wananiandikia "kompyuta nzito" basi wanaishia hapo. Tatizo lako liko kwenye safu ya mwisho, PRIO, yaani kipaumbele. Diski ina -2 na zram ina -3. Swopu ni nafasi ya akiba ya kuweka kinachotolewa kwenye ramu, na Linux inajaza kwanza swopu yenye namba kubwa, na -2 ni kubwa kuliko -3, kwa hiyo kila kinachotolewa kwenye ramu kinakimbilia hadi diski wakati zram imekaa haijapokea hata baiti moja, na haitapokea mpaka zile GB 2 za diski zijae zote. Imekuwa hivyo kwa sababu ulipoandika swapon hukuipa zram namba, keneli, yaani kiini cha Linux, ikagawa yenyewe, na ikigawa yenyewe iliyowahi ndo inakuwa juu. Ya diski lazima iwahi maana inawashwa kompyuta inapowaka.

La pili ni hiyo zswap. Usichanganye hivi vitu viwili. Zswap, iliyoingia kwenye keneli mwaka 2013, inakaa mbele ya swopu ya diski, inashika kurasa, yaani vipande vya data, zinazotoka kwenye ramu, inazibana na kuzihifadhi humo humo kwenye ramu, ikizidiwa ndo inazisukuma kwenye diski. Zram, iliyokamilisha safari yake ya kuingia mwaka 2014, ni swopu kamili iliyotengenezwa ndani ya ramu na haihitaji diski kabisa. Ukiziwasha zote zswap inadaka kurasa kabla hazijafika kwenye zram, unabana mara mbili bila faida na CPU ya zamani kama yako inaumia bure. Chagua moja. Kwa diski ya kuzunguka na ramu GB 2 mimi nakuchagulia zram.

Fanya hivi asubuhi kabla hujafungua duka, ukiwa hujafungua programu nyingine. Fungua /etc/default/grub kwa sudo, ondoa zswap.enabled=1, sevu, andika sudo update-grub, afu restati. Ile zram uliyotengeneza kwa mkono itakuwa imepotea yenyewe, safi. Sasa sudo apt install zram-tools, ingia /etc/default/zramswap, ondoa alama ya # mbele ya mistari mitatu na iwe ALGO=lz4, PERCENT=50, PRIORITY=100, kisha sudo systemctl restart zramswap. Lz4 ni njia ya kubana data, nimekupa makusudi, njia nyingine iitwayo zstd inabana zaidi ila inakula CPU zaidi, na Core 2 Duo siionei huruma kidogo, naionea sana. Hii itawaka yenyewe kila ukiwasha kompyuta. Swopu ya diski usiifute, iache kama akiba, na kama huwa unahaibaneti (kuzima kompyuta huku kazi zako zikihifadhiwa kwenye diski) unaihitaji maana zram haiwezi kutunza kitu umeme ukizima.

Rudia swapon --show, zram inatakiwa kuonyesha 100. Baada ya kufanya kazi saa moja hivi andika zramctl, uangalie DATA na TOTAL. DATA ni mzigo kabla haujabanwa, TOTAL ni nafasi ya ramu inayoliwa kweli, sawa na robota la mitumba pale Memorial, nguo ni nyingi ila robota lenyewe ni dogo. DATA ikiwa M 600 na TOTAL M 200 na kitu, uko vizuri sana. Zikikaribiana, mzigo wako haubaniki, na hapo zram haikusaidii.

Ila nikwambie ukweli, zram haitengenezi ramu. Kama vitu unavyotumia kwa wakati mmoja vimezidi GB 2 kwa mbali, CPU itashinda inabana na kubanua na utaona inaganda tena, safari hii taa ya diski ikiwa imetulia. Andika sudo dmidecode -t memory, itakuonyesha kama ramu yako ni aina ya DDR2 au DDR3 na nafasi zilizo wazi, uende dukani ukijua unachotaka usije ukauziwa isiyoingia.

SWALI: Fundi, Windows 10 yangu ina GB 4, kwenye Task Manager kuna maandishi madogo yanasema sehemu ya memori imebanwa. Ni virusi? Mwanafunzi, Sakina, Arusha

JIBU: Sio virusi mdogo wangu. Windows 10 inabana memori yenyewe tangu mwaka 2015. Fungua PowerShell kama admini, andika Get-MMAgent, ukiona MemoryCompression ni True basi iko kazini. Usiizime. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ndo la kushughulikia.

SWALI: Naweza kuweka zram ya GB 8 kwenye mashine ya GB 2? Kijana wa Majengo, Moshi

JIBU: Itakubali, kwa sababu saizi unayoandika ni ya data kabla ya kubanwa, na zram ikiwa tupu inakula kama asilimia 0.1 tu ya saizi hiyo. Lakini data kwa kawaida inabanika mara mbili hadi tatu, kwa hiyo ukijaza GB 8 humo itataka GB 2 na nusu na zaidi za ramu, na wewe unazo 2 tu, keneli itaanza kuua programu. Usivuke mara mbili ya ramu yako. Anza na PERCENT=50, ukiona zramctl inaonyesha imejaa na TOTAL bado ndogo, panda hadi 100.