Dawa za marehemu katika nyumba ya wazee: zitupwe, zitolewe, au nimpelekee mama?

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Huku Marekani nafanya kazi ya kuhudumia wazee, mwaka wa sita sasa. Mzee akifariki, au daktari akimbadilishia dawa, zile zilizobaki huhesabiwa na manesi wawili kisha huharibiwa. Nyingi bado zimo kwenye pakiti zake, hazijabanduliwa hata kidonge kimoja, na muda wake wa matumizi ungali mrefu. Moyo unaniuma. Nimesikia upo mtandao ambao nyumba kama yetu inaweza kuorodhesha dawa hizo zikaenda kwa wagonjwa wasio na bima. Je, nikiwashawishi wakubwa wangu wajiunge nitapata thawabu, na hali dawa si zangu na wengi wa watakaopewa si Waislamu? Je, ninaposhiriki kuziharibu napata dhambi ya israfu? Na la mwisho, nisitiri Sheikh. Mama yangu ana presha. Nina pakiti mbili za dawa kama yake ambazo nilizichukua badala ya kuzitupa. Zimo kwenye droo yangu. Nimpelekee nikienda likizo?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Nitaanza na la mtandao. La droo nitalifikia, usidhani nimelisahau.

Al-Baraa bin Azib, radhi za Allah ziwe juu yake, ametusimulia kisa kilichomo katika Tirmidhi na Ibn Majah. Ansari walikuwa watu wa mitende. Msimu wa kuvuna ukifika, mtu huja na kole la tende, moja au mawili, akalitundika kwenye kamba iliyofungwa baina ya nguzo mbili za msikiti wa Mtume (s.a.w.). Watu wa Suffa, wale mafakiri waliokuwa wakikaa msikitini, mmoja wao akishikwa na njaa huliendea kole akalipiga kwa fimbo yake, tende zikadondoka, akala.

Hebu utazame utaratibu ule. Mwenye kutundika hakujua nani atakula. Mwenye kula hakuitwa jina, hakupangwa foleni, wala hakupigwa picha ameshika kole huku mfadhili kamkumbatia bega. (Siku hizi mtu hapewi kilo mbili za sukari ila sura yake izungushwe kwenye simu za mji mzima. Tumuombe Allah atuondolee hilo.) Ziada ya mmoja ilikutana na haja ya mwingine, na katikati yao ilikuwa kamba tu.

Mtandao unaouulizia ni kamba ya namna ile, imefungwa kwa ufundi wa zama hizi. Huko uliko upo unaoitwa SIRUM, ulioanzishwa mwaka 2009 na vijana wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Nyumba ya wazee inajisajili, inafunga kwenye sanduku dawa ambazo hazijafunguliwa na muda wake haujaisha, na kila dawa inaandikwa kwenye mfumo. Jina la mgonjwa linaondolewa. Sanduku linakwenda kwa mfamasia au kliniki inayohudumia wasio na uwezo, zinakaguliwa moja moja, ndipo anapopewa mtu mwenye cheti cha daktari. Jimbo la Iowa nalo lina mpango wake, SafeNetRx, unaopokea dawa za namna hii tangu 2007. Yote hayo ni kwa ruhusa ya sheria, na sheria za majimbo zinatofautiana, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumuuliza mfamasia anayeihudumia nyumba yenu jimbo lenu linasemaje. Dawa kali za maumivu, za jamii ya morfini, usizitie kwenye hesabu hiyo kabisa. Hizo zina sheria zake.

Hukumu yake? Inafaa, na ni katika mambo ya heri yaliyo wazi. Allah anasema katika Suratul Maida, aya ya 2, tusaidiane katika wema na uchamungu, na katika aya ya 32 ya sura hiyohiyo, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Mgonjwa wa kisukari anayekata kidonge nusu ili kimfikishe mwisho wa mwezi, ukimpatia kidonge kizima umemshika mkono pembezoni mwa shimo.

Lakini kisa cha kamba hakikuishia pale. Wakatokea watu wasio na hamu ya heri, wakaleta makole yenye tende kavu zisizo na nyama, na makole yaliyovunjika, nao wakayatundika. Hapo ikateremka aya ya 267 ya Suratul Baqara: enyi mlioamini, toeni katika vizuri mlivyovichuma, wala msikusudie kutoa vilivyo vibaya, hali nyinyi wenyewe msingevipokea ila kwa kuvifumbia macho. Basi mizani unayo: je, wewe ungekimeza? Dawa iliyopita muda wake, chupa iliyokwisha kufunguliwa, kidonge kilichokaa kwenye gari juani, insulini iliyotolewa kwenye friji ikasahauliwa juu ya meza, hivyo ni hashafu, tende kavu za wakati wetu. Anayevitundika kwenye kamba hana sadaka. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, alisema mwenye kughushi si katika sisi, na yule alikuwa akiuza nafaka. Dawa inaingia mwilini mwa mtu ambaye tayari ni dhaifu.

Sasa swali lako lililonigusa zaidi: utapata nini wewe, na dawa si zako? Sikiliza hadithi ya Abu Musa Al-Ash'ari, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mtunza hazina Mwislamu, mwaminifu, anayetoa alichoamrishwa kikiwa kamili bila kupunguza, nafsi yake ikiwa radhi, akamfikishia yule aliyeamrishwa apewe, huyo ni mmoja wa watoa sadaka wawili. Mmoja wa wawili! Mwenye mali ni wa kwanza na mshika funguo ni wa pili. Wewe unayesukuma toroli la dawa kila asubuhi, ukaweka pembeni zile nzima, ukaziandika kama zilivyo, ukafunga sanduku vizuri, umeingia humo, maadamu wenye mamlaka wameruhusu. Na ukiwa wewe ndiye uliyewafungua macho wakubwa wako, unalo fungu jingine, kwani katika Sahihi Muslim imekuja kwamba mwenye kuonyesha njia ya heri ana ujira mfano wa mwenye kuitenda.

Ila zingatia masharti ya ile hadithi, maana watu huisoma thawabu wakaliruka sharti. "Mwaminifu." "Alichoamrishwa." "Kamili bila kupunguza." Yaweke hayo moyoni, tutayahitaji tukifika kwenye droo.

Ama kwamba wanaopewa wengi si Waislamu, hilo lisikutie shaka hata kidogo. Asmaa binti Abu Bakr alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mama yake aliyekuwa mshirikina, akaambiwa amuunge mama yake. Na mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu maji ya kisima kwa kiatu chake alisamehewa dhambi zake, Mtume akasema katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kuna ujira. Sembuse binadamu. Zaka tu ndiyo yenye wenyewe, yale makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, na hizi dawa usizitie kwenye zaka yako kwa vyovyote, kwa kuwa si mali yako.

Kuhusu israfu. Ni kweli Allah anachukia kupotezwa kwa mali, imethibiti katika hadithi ya Al-Mughira. Lakini lawama ya kupoteza humfuata mwenye amri juu ya mali. Wewe umeajiriwa, umepewa utaratibu, na utaratibu ule uliwekwa kuzuia dawa zisiangukie mikono isiyotakiwa. Ukiutekeleza huna dhambi, in shaa Allah. Kinachobaki kwako ni nasaha: sema na nesi mkuu, mpelekee maelezo ya mtandao yakiwa yamechapishwa, umwonyeshe jinsi masanduku yanavyosafirishwa. Wakikataa, umefikisha. Usianzishe mtandao wako wa siri.

Nalo hili la siri ndilo linalotufikisha kwenye droo.

Binti yangu, umeniomba nikusitiri, na hakuna anayekujua hapa. Lakini sitakuficha hukumu. Zile pakiti mbili si zako. Alizinunua mzee au bima yake, zikawekwa chini ya ulinzi wa nyumba ile, na wewe ukakabidhiwa uziangamize. Kutakiwa kutupwa hakukuzifanya ziwe zako. Imo katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Adiy bin Amira, kwamba Mtume (s.a.w.) alisema: tutakayempa kazi miongoni mwenu, kisha akatuficha sindano au kilicho zaidi yake, hiyo ni ghululi, yaani hiyana katika mali ya amana, atakuja nayo Siku ya Kiyama. Sindano ya kushonea! Aliposikia hayo, mtu mmoja wa Ansari alisimama akasema, ewe Mtume wa Allah, ipokee kazi yako. Aliogopa. Nami naona hofu hiyohiyo ndiyo iliyokufanya uniandikie, na hofu hiyo ni dalili njema.

Utaniambia, lakini ni kwa mama. Najua. Mama wa Tanga kwenye foleni ya hospitali na dawa zinatupwa huku unaziona kwa macho, nani asingetamani? Ngoja nikupe kisa changu mwenyewe, nacho hakinipi sifa. Miaka mingi nyuma, katika msikiti niliokuwa nikisalisha, tuliweka kabati la dawa. Ilikuwa rai yangu. Kila mwenye dawa zilizobaki nyumbani alete, mwenye haja achukue. Tulifurahi sana, kabati likajaa ndani ya mwezi. Kisha mzee mmoja akachukua vidonge akidhani ni vya presha, vidogo, vyeupe, kama vyake. Vilikuwa vya kisukari. Alianguka akitoka kusali Alasiri. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya, na lau kijana mmoja asingekimbilia soda dukani, tungemsalia. Nilikwenda kumuomba radhi nyumbani kwake, akanicheka, akasema mwalimu, mimi ndiye niliyemeza. Hapana. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kujitia utabibu na hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mwenye kudhamini, yaani madhara yakitokea ni juu yake. Kabati tulilivunja, na tangu siku hiyo mtu akinieleza habari ya kugawa dawa, swali langu la kwanza ni mfamasia yuko wapi.

Zipo dawa za presha zinazombana pumzi mwenye pumu. Zipo zinazotaka figo zipimwe kwanza. Wewe umeona jina linafanana. Je, nguvu ya kidonge ni ileile? Daktari wa mama hajambadilishia tangu mlipozungumza?

Halafu kuna mpaka wa nchi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa misaada ya dawa, uliotoka mara ya kwanza 1996, haukubali dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa kisha ikarudishwa. Unasema pia kwamba kisichokubalika ubora wake kwa mtoaji kisipelekwe kwa mpokeaji, nami kila nikilikumbuka hilo naisikia ile aya ya makole ya tende. Hawakuyaandika kwa kukisia. Mwongozo huo unaitaja Eritrea, ambako wakati wa vita vya uhuru yalipelekwa malori 7 ya aspirini iliyopita muda wake, ikachukua miezi 6 kuichoma. Watu wamo vitani, wakapewa na kazi ya kuchoma takataka za wafadhili. Kwetu Tanzania, anayetaka kuingiza dawa za msaada hupitia TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba, apate kibali, na mkoba wa likizo si kibali.

Utauliza mbona basi mtandao wa huko unapokea dawa za wazee walewale. Kwa sababu dawa za nyumba yenu hazikuwahi kushikwa na mgonjwa. Zilikuwa kwenye kabati la manesi, zimefungwa kwa ufunguo, joto linajulikana, na kila mkono uliozigusa umeandikwa. Mnyororo ule ndio unaoipa dawa thamani, na za droo yako zimekatika kwenye mnyororo huo siku ulipozitia mfukoni.

Kwa hiyo mama mtumie pesa. Ongea na ndugu yako aliyeko Tanga amchukue hadi kwa daktari wake, akapimwe, anunuliwe dawa ya mwezi au miezi miwili kwenye famasi yenye leseni. Dawa nyingi za presha ni katika zile za bei ya chini, na saa chache za mshahara wako zinaweza kutosha. Hiyo ni mali yako ya halali, na sadaka kwa jamaa ina ujira mara mbili, wa sadaka na wa kuunga udugu.

Na zile pakiti mbili usizirudishe kimyakimya kabatini ili ziende na sanduku la mtandao, maana hapo utakuwa umetundika hashafu kwa mkono wako. Kama msimamizi wako ni mtu wa kusikiliza, mweleze na umkabidhi aziharibu kwa utaratibu wao. Ukihofia kupoteza kazi, hulazimiki kujifedhehesha kwa jambo ambalo Allah amekusitiri. Famasi nyingi huko zina masanduku ya kudumbukizia dawa zisizotakiwa, zitie humo. Leta istighfari, azimia kutorudia, na toa sadaka thamani yake kwa nia ya wenyewe. Fanya hivyo kabla hujafunga mizigo ya likizo, na unisalimie mama.

Wallahu a'lam.