Bosi yuko mbali, kazi iko Newala

Shikamoo. Nasimamia vijana wanaoandikisha wakulima wa korosho Newala, Tandahimba na Nanyumbu. Nikitoa agizo kwenye kundi la WhatsApp, naona tiki za bluu, kisha kimya. (Masasi)

Marahaba. Tiki ya bluu inaonyesha ujumbe umefunguliwa, basi. "Jamani tumalizie fomu" ni agizo lisilo na mwenyewe. Kila mmoja anadhani anaambiwa mwenzake. Andika hivi: "Fulani, fomu za Kitangari, Alhamisi saa 10 jioni. Ukikwama, nipigie Jumatano." Kisha akujibu kwa maneno yake atafanya nini, sio kidole gumba tu. Kundi la kazi litenge na lile la rambirambi na vichekesho, la sivyo minada ikianza agizo lako litazama kabla ya adhuhuri. Na wa kukosolewa mpigie simu. Ukimsema kundini, umewanyamazisha wote.

Mimi ndiye niliyeteuliwa, lakini timu inamsikiliza mwenzetu mmoja. Ananipindua? (Lindi mjini)

Sidhani. Radostina Purvanova na wenzake, katika utafiti uliotoka Marekani mwaka 2021, walilinganisha timu za wanafunzi zinazokutana ana kwa ana na zile za mtandaoni. Wanaokutana uso kwa uso huvutwa zaidi na mchangamfu na anayeonekana ana akili. Mtandaoni huonekana kiongozi yule anayetenda: anakumbusha tarehe, anaunganisha watu, anamsaidia aliyekwama. Huyo mwenzako bila shaka anafanya hayo. Mkabidhi rasmi orodha ya kazi aitunze. Wewe bado una maamuzi, na una wakubwa wa kukabiliana nao timu ikibanwa. Huko yeye hafiki.

Lazima kamera iwake mkutano mzima? Bando linakwisha. (Kilwa Masoko)

Hapana. Salamu mtazamane, kisha zimeni. Anayetaka kamera saa nzima anunue bando la wote.

Mtandao ukikatika nani anaamua? (Nachingwea)

Mlipaswa kukubaliana mapema. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Mwezi huohuo mafuriko yakakata barabara ya Dar huko Somanga. Mtu wa Nachingwea ajue kabla ya siku hiyo anaweza kuidhinisha shilingi ngapi bila kuuliza, na namba za simu awe nazo kwenye karatasi. Akikosea mara moja, msimnyang'anye mamlaka, maana safari ijayo atakaa tu asubiri mtandao urudi.