Anza na ghala, shekhe

Shekhe, umeuliza mbona makala yako ya Wikipedia kuhusu Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki wa Hamburg, Ujerumani, yasomeka kama tangazo la hoteli. Tazama sentensi ya kwanza: "la kisasa, la kuvutia, la kipekee". Futa yote matatu, uanze na ghala. Ukumbi umejengwa juu ya Kaispeicher A, ghala la bandarini la miaka ya 1960 lililokuwa likiweka kakao, chai na tumbaku. Sisi tuliozoea harufu ya magunia ya chai kule Kilindini, picha twaipata papo hapo.

Kisha ingia ndani, na hapa urefushe: viti 2,100 vimezunguka jukwaa, kuta zimevikwa vipande kama 10,000 vya jasi, kila kimoja kimechongwa vishimo vyake, ili sauti itawanyike isigonge na kurudi kama ndani ya tangi tupu.

Gharama usizifiche. Mji ulitarajia kutoa euro milioni 77, ukatoa 789. Umeandika "kilifunguliwa Januari 2017"; tarehe ni sawa, ila andika "ulifunguliwa". Ni ukumbi, si kitu. Na hiyo "filharmonia ya kitamasha" uliyoandika yatoka wapi? "Ukumbi wa muziki" watosha.