Jibu: Tupige kura kukataa uwindaji wa kitalii?

Habari mkuu. Umeuliza kama mkutano wa kijiji ukatae uwindaji wa kitalii kwenye WMA yenu (eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji wenyewe) jirani na Hifadhi ya Ruaha, kwa kuwa tembo wanamaliza mahindi na mamilioni ya fedha wanazolipa wawindaji mnayasikia tu.

Kwanza daini taarifa ya mapato na matumizi. Kanuni za WMA zinataka angalau asilimia 50 ya mapato ya jumuiya inayoendesha WMA iende vijiji wanachama. Huku kwetu Iringa tuligombana miaka miwili kuhusu kuua au kutoua simba, kumbe fungu la kijiji linaishia kwenye posho za vikao. Iliniuma sana, maana zahanati tulikuwa tunaijenga kwa michango ya debe debe za mahindi. Hesabu ziliposomwa mbele ya mkutano mkuu, bati zikapatikana. Sijui mkataba wenu unasemaje. Uombeni nao usomwe.

Mimi naunga mkono uwindaji unaosimamiwa, simba dume asipigwe kabla ya miaka 6 kama kanuni inavyotaka. Mkiufuta leo, askari wa doria watalipwa na nani? Pori lisilo na doria huingiwa na mitego na mkaa. Ila msiutegemee peke yake: mwaka 2014 Marekani ilizuia wawindaji wake kuingiza kwao nyara za tembo kutoka Tanzania, na uamuzi huo ulitoka nje ya nchi.

Tembo wa shambani ni jambo jingine kabisa. Mwite mtendaji na afisa wanyamapori siku hiyohiyo, nyayo zikiwa bado mbichi, fomu ya kifuta jasho (pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori) ijazwe.