Nikijigeuza kitandani chumba kinazunguka

SWALI: Dokta shikamoo, kila nikijigeuza kulia kitandani au nikiangalia juu naona chumba chote kinazunguka, kama nusu dakika hivi halafu inaisha, presha nimepima iko sawa. Vidonge nilivyopewa havisaidii. Shida nini?

JIBU: Marahaba, pole sana. Kizunguzungu kifupi kinachokuja ukigeuza kichwa tu, mara nyingi kinatoka sikio la ndani. Mle kuna vijiwe vidogo sana vya kalsiamu, vikibanduka vikaingia kwenye mirija yenye majimaji basi ukigeuza kichwa vinayasukuma na ubongo unadhani unazunguka. Vidonge vinapunguza kichefuchefu, vijiwe vinabaki palepale, na inaniuma kweli kuona watu wanavimeza miezi na miezi bure.

Kipimo chake hakitaki mashine, unakaa kitandani, daktari anakugeuza kichwa digrii 45, anakulaza chali haraka kichwa kikining'inia kidogo huku anakuangalia macho, yakianza kuchezacheza kwa namna yake na kizunguzungu kikaja, jibu limepatikana. Kinaitwa Dix-Hallpike, kipo tangu 1952. Hapohapo anaweza kukufanyia zoezi la Epley, anakugeuza hatua kwa hatua mpaka vijiwe virudi vilikotoka, wengi wanapata nafuu kwa mara moja au mbili, japo inaweza kujirudia. Kama shingo ina matatizo mwambie kabla hajaanza.

Ila ukiona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, mkono au mguu umekosa nguvu, usisubiri, wahi hospitali saa hiyohiyo.