Umecheza Sana, Sawa. Unajua Kufundisha?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliotundika daluga juzi na wanataka benchi leo. Nimechagua chache.

Nimecheza ligi kuu misimu 11. Kwa nini shirikisho linanidai leseni kama mtu asiyewahi kugusa mpira?

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Leseni haiulizi ulifunga mabao mangapi. Inauliza kama unaweza kupanga zoezi, kumsoma kijana wa miaka 13 ambaye mwili unabadilika, na kujua lini umpumzishe. Zinedine Zidane alikuwa na Kombe la Dunia la 1998, na bado mwaka 2014 alifungiwa miezi 3 huko Hispania kwa suala la cheti, alipokuwa akiinoa Castilla, timu ya pili ya Real Madrid. Adhabu ilikuja kuondolewa, ila usumbufu aliupata. Jiandikishe kozi, na usiombe kurushwa madaraja ya leseni.

Nina ofa mbili: ukocha mkuu wa klabu inayokaribia kushuka daraja, au kufundisha vijana chini ya miaka 17. Mke wangu anasema nichukue kubwa.

Shemeji ana haki ya kuwaza kipato, lakini chukua vijana.

Klabu inayozama mara nyingi inatafuta wa kulaumiwa. Thierry Henry alikabidhiwa Monaco iliyokuwa hoi Oktoba 2018; Januari 2019 akafungashiwa virago. Gary Neville hakufikisha miezi 4 Valencia. Wote wawili mpira wanaujua, ila kazi ya ukocha walikuwa wanajifunzia mbele ya mashabiki wenye hasira. Andrea Pirlo alipewa vijana wa Juventus mwishoni mwa Julai 2020, na kabla hajawaongoza hata mechi moja akapandishwa timu kubwa. Alitwaa Coppa Italia, sawa, lakini ubingwa wa ligi ambao Juventus ilikuwa imeushika miaka 9 mfululizo ukaponyoka, na baada ya msimu mmoja akaonyeshwa mlango.

Xabi Alonso hakuwa na haraka hiyo. Alianza na watoto wa chini ya miaka 14 Real Madrid, kisha akakaa miaka 3 na timu ya pili ya Real Sociedad. Aliipandisha daraja, ikashuka tena, na dunia haikusimama. Alipofika Bayer Leverkusen Oktoba 2022 alikuwa ameshakosea vya kutosha mahali pasipo na kelele. Msimu wa 2023/24 akabeba Bundesliga bila kupoteza mechi. Kwa vijana unajaribu mfumo Jumanne, ukigoma unauacha Alhamisi, na hakuna redio inayokujadili asubuhi.

Ila ukienda, nenda kufundisha. Wapo wanaokaa na vijana huku jicho likiwa kwenye kiti cha kocha mkuu, na watoto huwagundua mapema kuliko viongozi.

Asiyecheza soka la kulipwa anaweza kuwa kocha mkubwa?

Arrigo Sacchi, kocha wa Milan, Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Swali linalofuata.

Nafundisha chini ya miaka 12. Tumefungwa mechi 4, wazazi wanataka niwapange wenye miili mikubwa tu.

Kataa. Kisha kaangalie tarehe za kuzaliwa za hao wenye miili. Wengi utakuta wamezaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili, yaani wanawazidi wenzao karibu mwaka mzima, na umri huo tunauita kipaji. Wakifika 17 wenzao wamewafikia kimo, na wao hawajui kupokea mpira wakiwa wamebanwa, kwa kuwa siku zote walipita kwa mabavu. Gawa dakika kwa wote. Na wazazi wanaopiga kelele za maelekezo kando ya mstari wasogeze mbali, hata yule anayenunua mipira.

Mchezaji niliyemlea akiuzwa nje, mimi kocha napata asilimia ngapi?

Sifuri. Fidia ya mafunzo na ile asilimia 5 ya ada ya uhamisho, inayoitwa mshikamano kwenye kanuni za FIFA, ni haki ya klabu zilizomlea, na klabu isiyosajili watoto wake rasmi nayo inaambulia patupu. Eric Harrison alichezea madaraja ya chini Uingereza, akawalea akina Beckham, Giggs na Butt waliotwaa Kombe la FA la Vijana 1992 wakiwa Manchester United. Mamilioni waliyaona wengine. Ukitaka chako, kiandikwe kwenye mkataba wako na klabu.

Nisichotaka kusikia ni kocha anayejigeuza wakala na kukusanya pasipoti za watoto. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa masharti machache sana, na tangu 2023 uwakala umerudi kuwa kazi ya leseni ya FIFA. Mzazi, akija mtu na habari za majaribio ya Ulaya kwa mtoto wa miaka 15, muombe namba ya leseni hiyo, kisha uone kama atapiga simu tena.