Maswali na Majibu: Njia ya Pembeni Yenye Kona Kali Kwenye Meza Ndogo

Wengi mlioniandikia safari hii mnauliza jambo moja kwa sura tofauti: reli ya modeli imeshazunguka meza, sasa mnataka kuchomoa njia ya pembeni iende ghalani, kiwandani au bandarini, na nafasi iliyobaki ni finyu. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Vipimo vyote ni vya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

"Shikamoo mzee. Nipo Ujiji. Meza yangu ina sentimita 120 kwa 80, na kona zangu zina nusukipenyo cha milimita 360. Nataka njia ya pembeni inayoingia bandarini kama ya Kigoma. Nafasi inatosha?"

Marahaba, mwanangu. Inatosha, na wazo lako ni zuri sana. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na meli tunayoiita Liemba ilipelekwa Kigoma kwa reli ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku, ikaungwa hapo na kushushwa majini mwaka 1915. Modeli ya Kigoma isiyo na njia ya kwenda gatini ingekuwa na pengo kubwa.

Sasa tupime. Kona za 360 kwenye meza yako zinakuachia kipande kilichonyooka cha milimita 400 mbele na kingine nyuma. Pointi, yaani kipande cha reli kinachogawa njia kuwa mbili, ya kawaida ya seti za Hornby au Peco (watengenezaji wa reli za modeli) ina urefu wa milimita 168, na tawi lake linapinda nyuzi 22.5. Simama mbele ya meza, weka pointi ya kushoto mwanzoni mwa kile kipande cha mbele, upande wako wa kushoto, ili tawi liingie ndani ya duara. Baada ya pointi weka kipande kifupi kilichonyooka cha milimita 50, kisha pinda tena kushoto kwa nusukipenyo cha 300, nyuzi 45. Ukifika hapo bado una nafasi ya gati lililonyooka la milimita 300 katikati ya meza, mbali na reli kuu kila upande. Chora kwanza kwenye karatasi ya manila kwa vipimo halisi, uilaze mezani, ndipo ununue.

Angalia kwamba tawi linapinda kushoto, na kona inayofuata nayo inapinda kushoto. Hiyo ndiyo siri ya mpango huu. Kona kali peke yake kwa kawaida haiangushi mabehewa mafupi. Yanaanguka pale kona inapogeuka ghafla kwenda upande wa pili. Nitalirudia hilo kwenye swali linalofuata.

Kuhusu mabehewa, wanamodeli wana kanuni nzuri. Nusukipenyo kikiwa mara mbili ya urefu wa behewa, linapita kwa taabu. Kikiwa mara mbili na nusu, mengi yanapita bila shida. Kikiwa mara tatu, unaweza kulala usingizi. Kwa kona ya 300, basi, behewa lisizidi milimita 120. Mabehewa mafupi ya ekseli mbili yanakaa vizuri hapo, na mawili yatapangika kwenye gati lako. Kichwa cha treni nacho kiwe kifupi, cha ekseli mbili au cha bogi ndogo, yaani vigari vya magurudumu vinavyozunguka chini yake. Kile kikubwa cha ekseli sita kibaki kwenye reli kuu.

Jambo la mwisho kwako: fikiria treni inaingia kutoka wapi. Ikitoka kushoto kwenda kulia, kichwa kitatangulia kuingia gatini na kunaswa mwishoni, mabehewa yakiwa yamekiziba. Treni inayopeleka mzigo bandarini itoke kulia, ipite pointi yote, isimame, pointi igeuzwe, kisha kichwa kirudi nyuma kikisukuma mabehewa mbele yake. Watu wengi hupanga reli bila kuwaza hili, halafu wanabaki kuinua mabehewa kwa mkono.

"Mimi ni mwalimu hapa Cheyo, Tabora. Njia yetu ya pembeni shuleni inapita vizuri kichwa kikivuta, lakini kikisukuma, behewa la pili linaruka nje kila mara, palepale. Tumebadilisha magurudumu, hakuna nafuu."

Mwalimu, magurudumu hayana kosa. Kwa mchoro ulionitumia, pointi yako inatoa tawi kulia, na mara tu tawi linapoisha kona inageuka kushoto. Hapo umejenga herufi S. Behewa la mbele likiwa limeshageukia kushoto na la nyuma yake bado limeinama kulia, ndoano zao zinavutana pembeni, moja huku na nyingine kule. Kichwa kinapovuta, mvutano huo ni mdogo. Kinaposukuma, nguvu yote inapita kwenye ndoano iliyokaa mshazari, na ukingo wa gurudumu unapanda juu ya reli.

Fanya hivi wanafunzi waone kwa macho yao. Sukuma mabehewa mawili kwa kidole, polepole kabisa, jicho likiwa usawa wa meza. Utaliona gurudumu la mbele la behewa la pili, upande wa nje wa kona, likianza kunyanyuka unene wa ukucha kabla halijaruka. Weka alama ya penseli kwenye taruma lile, yaani kipande kinachokaa mshazari chini ya reli, palipo na gurudumu hilo. Ukirudia, litanyanyuka tena hapohapo.

Dawa ni kutenganisha kona hizo mbili kwa kipande kilichonyooka chenye urefu usiopungua behewa lako refu kuliko yote. Kama behewa lina milimita 140, weka 140. Ukikosa nafasi, afadhali kona ya pili uikaze zaidi na utumie mabehewa mafupi, kuliko kuacha hiyo S. Najua ushauri huu unaonekana kinyume, maana tumezoea kuambiwa kona pana ni bora. Ni kweli ni bora, lakini kipande kilichonyooka katikati kina faida kubwa zaidi kuliko sentimita tano za nusukipenyo.

Pia usijaribu kuunganisha wala kuachanisha mabehewa kwenye kona. Ili ndoano zikutane zenyewe, kona inahitaji nusukipenyo kama mara tano ya urefu wa behewa, na mezani kwenu hakuna nafasi hiyo. Kazi hiyo ifanyike penye mnyoofu.

"Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Nikitumia reli za HO si nitakuwa nimekosea?" (Urambo)

Reli za HO zina upana wa milimita 16.5, ambao kwa 1 kwa 87 ni milimita 1,435, yaani SGR hasa. Reli ya mita moja kwa kipimo hichohicho ingekuwa milimita 11.5, na inayouzwa kwa kazi hiyo ni ya milimita 12. Ukiipata na mfuko ukiruhusu, inunue, maana mwonekano wake ndio ule tunaoujua sisi wa reli ya kati. Kwa anayeanza na seti aliyoletewa na ndugu kutoka nje, nasema atumie 16.5 kwa moyo mweupe. Mataruma yakikaa vizuri na kokoto zikiwa na rangi ya udongo wetu mwekundu, mtu atayaona mazingira kabla hajaupima upana.

"Kaka, natumia reli ya kunyumbuka. Nikiikunja kwa nusukipenyo cha 300, kwenye kiungo inajikunjua na kutoa ncha. Nifanyeje? (fundi simu, Mwanga, Kigoma)"

Wewe tayari una chombo cha kazi hii, kile cha kuchomelea risasi. Usiunge reli zikiwa zimekunjwa. Zilaze zote mbili zikiwa zimenyooka juu ya ubao, ziingize kwenye viunganishi, chomelea, ziache zipoe, kisha ndipo uzikunje kwa pamoja kama reli moja ndefu. Reli ya ndani itachomoza mwishoni kwa sababu njia yake ni fupi. Ikate kwa msumeno mwembamba na usugue ncha kwa tupa.

Unapochomelea, plastiki ya mataruma huyeyuka upesi. Funga pamba yenye maji pande zote mbili za kiungo, sugua chuma kwanza mpaka king'ae, gusa kwa sekunde chache tu, ondoa. Risasi iliyoingia upande wa ndani wa reli lazima uikwangue yote, kwa sababu ukingo wa gurudumu unapita hapo.

Halafu pitisha kucha yako juu ya kiungo, upande wa ndani. Kucha ikikwama, gurudumu nalo litakwama.

Wengi huogopa joto na kuacha nafasi kubwa kati ya reli. Reli yenye urefu wa mita moja joto likipanda nyuzi 15 hurefuka kama robo ya milimita tu. Kinachosogea kweli ni ubao, unaovuta unyevu wa masika na kukauka kiangazi. Paka plaiwudi rangi au vanishi pande zote, pamoja na chini na kingo, kabla ya kulaza reli. Kwako ziwani hilo ni la lazima.

"Ghala liwe mbali kiasi gani na reli kwenye kona?" (Kitete, Tabora)

Behewa likiwa kwenye kona, katikati yake huingia ndani na ncha zake hutoka nje. Chukua behewa la abiria la milimita 250, bogi zikiwa mbali kwa 180, kwenye kona ya 360. Zidisha 180 kwa 180, gawa kwa mara nane ya nusukipenyo: unapata kama milimita 11 upande wa ndani. Ncha nazo hutoka nje kama 10 na nusu. Ongeza nusu ya upana wa behewa, kama 17, na nafasi ya usalama 5. Ukuta usikaribie zaidi ya milimita 33 kutoka katikati ya reli. Kwa mabehewa mafupi ya mizigo kwenye njia ya pembeni, 26 zinatosha.

Asiyependa hesabu afunge penseli katikati ya behewa lake refu, na nyingine kwenye ncha, alisukume kwenye kona juu ya karatasi. Mstari utakaochorwa ndio mpaka wa ghala. Fanya hivyohivyo karibu na pointi ili ujue behewa lililoegeshwa lisimame wapi bila kugongwa na treni ya reli kuu, na utie alama ya rangi nyeupe kwenye taruma.

"Umeme wa njia ya pembeni unahitaji swichi yake?" (Gungu)

Pointi nyingi za seti hupeleka umeme upande zilikoelekezwa tu, hivyo pointi ndiyo swichi yako: ukiigeuzia reli kuu, kichwa kilichoegeshwa kinazimika. Ila ulimi wa pointi ukishika vumbi, umeme hukatika. Baada ya miezi michache ongeza waya na swichi ndogo, na viunganishi vya plastiki mwanzoni mwa tawi. Wanaotumia betri ya sola ya volti 12 kupitia kidhibiti mwendo waweke fyuzi ya ampea 1 karibu na betri. Betri haina huruma, treni ikianguka na kugusanisha reli, waya utaungua.

"Babu, naomba reli ishuke mpaka ziwani, kama mlima. Inawezekana? (mwanafunzi, Kigoma)"

Mjukuu wangu, kwa kona kali kama hiyo usiishushe. Kichwa kidogo kikiwa kwenye kona tayari kina kazi nzito, na mabehewa yaliyoachwa kwenye mteremko yatajiendea yenyewe mpaka majini. Mwombe mkubwa akate plaiwudi kwa msumeno upande wa ziwa na kukishusha kipande hicho sentimita 3. Kwa kipimo chako hizo ni zaidi ya mita mbili na nusu, kina cha kutosha kwa gati. Reli ibaki bapa hadi kizuizi cha mwisho, nacho kigundishwe kwa gundi ya mbao na kukauka usiku mzima kabla ya kuleta behewa la kwanza.